Bidoni Likilia Hakuna Ubishi

Habari za jioni, wasikilizaji wa Goma, wa Himbi na Ndosho, wa Majengo na Kyeshero, na ninyi wa Sake na Minova mnaotupata kwa kuzungusha antena. Nawasalimu na majirani wa Gisenyi, maana mawimbi ya redio hayapangi foleni Grande Barrière. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, saa kama hizi tunazungumza michezo, na michezo hapa kwetu maana yake ni DC Virunga na Dauphins Noirs, nani kamfunga nani na refa alikuwa anaangalia wapi. Leo naomba tuweke mpira kando. Nataka tuzungumzie kifuniko cha ndoo ya rangi.

Ni kile kifuniko cheupe cha plastiki, kipana, chenye ukingo mnene, kinachobaki fundi akishamaliza kupaka ukuta. Ndoo yenyewe mama ameshaichukua kuwekea unga. Kifuniko kinazagaa uani. Kiokote. Vidole vinne chini ya ukingo, kidole gumba juu, upande uliovimba ukitazama mbinguni. Kivute mpaka karibu na kifua, kisha kiachie kwa kukunjua mkono na kumalizia na kifundo, kwa nguvu ya ghafla. Usikitupe juu kana kwamba unakifukuza. Kiache kizunguke. Kikizunguka vizuri kitakwenda mbali kuliko ulivyodhani, halafu mwishoni kitakata kona upande wa kushoto kama wewe ni wa mkono wa kulia.

Sasa chukua bidoni tupu la manjano la lita 20, weka jiwe juu yake upepo wa ziwani usilibebe, lisimamishe hatua 50 kutoka ulipo. Mwambie rafiki yako: tuone nani atakayeligonga kwa mirusho michache. Unarusha, unakwenda pale kisahani kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo hapo, mpaka bidoni lilie. Likilia umemaliza kituo hicho, mnachagua kingine. Mnazunguka hivyo vituo sita, tisa, kumi na vinane, kadiri ya jua na njaa yenu. Mchezo wote ndio huo. Wenyewe wanauita gofu ya visahani, na kule Finland umekuwa kitu cha familia nzima, una viwanja kwa mamia, na watu wanatembea msituni na mifuko ya visahani mgongoni.

Najua kuna mtu pale Katindo ameshasema: haya ni mambo ya wazungu wenye nafasi. Papa, subiri kidogo. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth, jimbo la Saskatchewan huko Kanada, watoto wa shule ya msingi, mmoja wao Ronald Gibson, walikuwa wanarusha vifuniko vya makopo kulenga duara walizochora kwenye mchanga wa uwanja wa shule. Wakauita gofu ya vifuniko vya bati. Hakukuwa na kampuni nyuma yao wala mdhamini. Mwaka 1937 kijana wa Marekani, Fred Morrison, alianza na kifuniko cha kopo la bisi, akirushiana na mchumba wake. Kilipokunjika wakahamia kwenye chombo cha kuokea keki, na mwaka uliofuata, ufukweni California, mtu akawaomba awape senti 25 kwa chombo ambacho dukani kilikuwa senti 5. Morrison akaona biashara. Mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikaanza kumtengenezea kisahani chake cha plastiki. Katika kampuni hiyohiyo alikuja kufanya kazi Ed Headrick, ndiye aliyekinyoosha kisahani kikatulia hewani, ndiye aliyepanga uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, na ndiye aliyebuni kikapu cha minyororo kinachonasa kisahani. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki yakawa visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Mtu na mapenzi yake.

Kabla ya kikapu cha minyororo watu walikuwa wanagonga miti, nguzo za taa na mapipa ya taka. Kwa hiyo aliye na kifuniko cha ndoo na bidoni hajafanya uigaji wa masikini. Yuko pale pale mchezo ulipoanzia. Tena bidoni lina jambo moja zuri kuliko mti: linapaza sauti. Mtu akisema, "Weye, haikugusa ile!" jibu ni moja tu: "Mulisikia wote!" Ubishi umekwisha.

Sisi kwa upande wa ardhi tumebarikiwa kwa namna ya ajabu. Viwanja sawa ni haba, na kila kilichopo kina mpira juu yake tangu alfajiri. Lakini mchezo huu hautaki ardhi sawa. Wenye viwanja vyao wanatafuta mabonde, vichaka na mawe makusudi, ili mrusho uwe na kitu cha kukwepa. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ikalala juu ya njia ya ndege, ikaingia ziwani. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama pembeni, upande wa Buhene. Katikati ya nyumba na nyumba bado kuna vipande ambavyo hakuna aliyevijenga, vyeusi, vyenye migongo na nyufa, na kuta za mawe hayohayo zinazopinda bila kufuata mstari wa mtu yeyote. Mpira wa miguu pale hauchezeki. Kisahani kinachezeka, mradi umevaa viatu. Kandambili hapana, tafadhali. Lava haina adabu kwa vidole.

Jambo la ufundi kidogo, mnivumilie. Lava inakula ukingo wa kifuniko kama msasa. Baada ya duru chache kifuniko kinakuwa na meno na kuruka kwake kunaharibika. Dawa yake mafundi wa chukudu, ile skuta yetu ya mbao, wanaijua zamani: wanapigilia mpira wa tairi kuzunguka gurudumu la mti. Nanyi kateni ukanda mwembamba wa mpira wa baiskeli, mbandike kuzunguka ukingo. Kifuniko kitadumu, na zaidi ya hapo kitaruka vizuri, kwa sababu uzito ukikaa pembeni mzunguko unashika, hakiyumbi. Tena tukumbuke tulipo. Ziwa letu tu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji uko juu ya ziwa. Hewa hapa ni nyepesi kuliko Mombasa au Matadi, haikibebi kisahani kama ya kule, na ile kona ya kushoto inakuja mapema. Mgeni kutoka pwani atarusha vizuri sana na ataishia ukutani. Muacheni, atazoea.

Sasa tuingie kwenye lililonileta. Mmekusanyika marafiki wanne. Mmoja ana mkono wa dhahabu, alicheza mpira wa kikapu miaka yote ya shule. Mmoja ni wa kawaida. Mmoja ni shemeji aliyeletwa kwa sababu hakuwa na kazi mchana ule. Mmoja ni yaya, ndugu mkubwa, mwenye magoti mabovu. Mkihesabu mirusho kama vitabu vinavyosema, kila mmoja hesabu yake tangu mwanzo hadi mwisho, ifikapo kituo cha tatu mchezo umekufa. Mkono wa dhahabu yuko mbele kwa mirusho tisa, shemeji ameanza kutazama simu, yaya anasema maji yako wapi. Vituo vilivyobaki mnavimalizia kwa heshima tu, kama watu kwenye hotuba ndefu ya afisa.

Msimamo wangu ni huu, na mtu anaweza kunipigia simu kunipinga: marafiki wakicheza, hesabu ya mirusho ya mtu mmoja mmoja ndicho kitu cha kwanza cha kutupa. Iachiwe wanaoshindania vikombe. Kanuni ya mchezo wa marafiki ipimwe kwa kipimo kimoja, kama yule dhaifu kuliko wote bado ana la kufanya kwenye kituo cha mwisho. Wenye gofu ya mipira, ile ya majani mabichi na suruali zilizopigwa pasi, waliligundua hili zamani. Daktari mmoja Mwingereza, Frank Stableford, alichoka kuona wachezaji wanakata tamaa mapema kwa sababu shimo moja limewaharibia siku. Akabuni hesabu ya pointi: kila shimo unapata pointi kulingana na ulivyocheza, na ukiboronga sana unapata sifuri, unaokota mpira, unaendelea. Balaa la shimo moja halikufuati hadi jioni. Hesabu hiyo ilichezwa katika klabu ya Wallasey, karibu na Liverpool, mwaka 1932, na hadi leo inatumika dunia nzima. Kama mnapenda kuhesabu lazima, anzieni hapo.

Lakini zipo njia tamu zaidi.

Ya kwanza inajulikana sana, nitaipita haraka: wawili kwa wawili, wote wanarusha, mnachagua mrusho ulio bora, na wote wawili mnaendelea kutoka hapo. Nzuri kwa kuanzia. Kasoro yake ni kwamba mkono wa dhahabu ataubeba mchezo na mwenzake atakuwa abiria. Kwa hiyo igeuzeni. Wapinzani wenu ndio wachague, na watachagua mrusho wenu mbaya. Hapo mambo yanabadilika kabisa. Mkono wa dhahabu akirusha hatua 60 moja kwa moja hakuna anayepiga makofi, maana mrusho wake haufai kitu mwenzake akiharibu. Utamsikia ananong'ona: "Taratibu, yaya, usitumie nguvu, weka tu pale karibu na lile jiwe." Ndugu huyo alikuwa hajawahi kumwelekeza mtu maishani. Na kumaliza kituo ni lazima wote wawili walilize bidoni, mfululizo. Mmoja akikosa, mnarudia. Vituo vinne vya namna hii vinatosha jioni nzima, na mtacheka mpaka mbavu ziume.

Kuna mkono wa kushoto. Kituo kizima, wote, mkono usio wenu. Sina la kuongeza, jaribuni na mtaona mabingwa wanavyorudi darasa la kwanza.

Kuna mbio, yaani mnahesabu mirusho pamoja na dakika. Mchezo huo uchezwe kwenye nyasi za watu wengine. Kukimbia juu ya lava huku macho yako hewani ni kumtafutia kazi daktari.

Halafu kuna mchezo wa wanne ambao Wamarekani wanauita mbwa mwitu, mimi nauita chui, kwa heshima ya nembo ya nchi. Kila kituo kuna chui mmoja, kwa zamu. Chui anarusha kwanza. Kisha wa pili anarusha, na hapo hapo, kabla wa tatu hajarusha, chui aseme: huyu ni mwenzangu, au la. Akimwacha amemwacha, hawezi kumrudia. Anamtazama wa tatu, naye ni vilevile. Akishawakataa wote anacheza peke yake dhidi ya watatu, na akishinda pointi zake zinazidishwa mara mbili. Utamu wake mkubwa uko mdomoni kuliko mkononi. Unamwona mtu amerusha vizuri tu, chui anasita, anatazama mawingu, anasema, "Hapana, nangoja mwingine." Yule aliyekataliwa sasa ana hasira takatifu, atacheza kituo hicho kuliko alivyowahi kucheza. Na shemeji, ambaye hakuna aliyemtegemea, siku akichaguliwa makusudi kwa sababu amelenga vizuri mara moja, hiyo simu hataitazama tena.

Ninayoipenda mimi ni kamba. Hii nayo imetoka kwenye gofu ya mipira. Kabla ya kuanza, kila asiye na nguvu anapewa kamba, ya mita tano, sita, kulingana na udhaifu wake, na hilo mnalipatana kwa kelele. Wakati wowote, kisahani chake kikiangukia mahali pabaya, anaweza kukisogeza bila kuhesabiwa mrusho, lakini urefu aliokisogeza anaukata kwenye kamba yake. Kimekwama nyuma ya jiwe? Nusu mita, kata, weka mfukoni kilichobaki. Na kama kamba iliyobaki inafika kwenye bidoni, imehesabiwa umeligonga.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu alipewa kamba ya mita sita, ya nailoni ya buluu, ile ya kufungia mizigo kwenye moto, yaani pikipiki. Vijana walidhani ataimaliza mapema kwa kukwepa mawe. Hakuikata. Kituo baada ya kituo mzee anarusha vifupi, anatembea, anarusha vifupi, kisahani kimeingia kwenye ufa anakitoa kwa mrusho wa kawaida kwa taabu, kamba iko mfukoni vilevile. Alipofika kituo cha mwisho wote wamelingana, na vijana wawili wamebakiza mrusho mmoja mmoja wa hatua kumi. Kisahani cha mzee kiko nyuma ya mgongo wa lava, bidoni upande wa pili. Akachutama, akatoa kamba, akaanza kuinyoosha. Hapo ndipo kesi ilipoanza. Kamba ipite juu ya mgongo wa lava au iuzunguke? Ikipita juu inafika, ikizunguka inapungua shibiri. Kijana mmoja anasema kipimo ni cha ardhi, kamba ifuate ardhi. Mzee anasema sawa, na mgongo wa lava ni ardhi, mimi naufuata kwa juu. Mwingine anasema kisahani hakipandi jiwe. Mzee anauliza kwa upole: "Kwani wewe kisahani chako huwa kinapita wapi?" Wakacheka, wakakubali. Ncha ya kamba ikagusa bidoni, na kwa kuwa kamba haipigi kelele, mwalimu akaligonga kwa kidole ili kanuni itimie.

Nilitaja watoto? Sikuwataja, lakini watakuja. Hapa Goma hufanyi kitu nje ya nyumba dakika tano bila watoto kumi kusimama wanakutazama. Wachezaji wengi wanawafukuza, "Mutoke huko, kitawapiga!" Mimi nasema waingizeni kwenye kanuni. Kila timu ichukue mtoto mmoja, na katika kila kituo ni lazima mtumie mrusho wake mara moja. Mnachagua wenyewe lini. Mkimtumia mwanzoni, kisahani kinaenda hatua nane na mnaanza na deni. Mkimngojea mwisho, mnamtegemea alilize bidoni kwa karibu, na presha yote mmeiweka kwenye mabega ya mtu wa miaka saba. Na msishangae. Mtoto aliyezoea kusukuma gurudumu kwa fimbo tangu asubuhi mpaka jioni ana mkono mtulivu kuliko wa baba yake. Wale wengine waliobaki wawe majaji wa sauti: wao ndio waseme bidoni limelia au halikulia. Hakuna mtu mzima anayethubutu kubishana na watoto saba wanaopiga kelele pamoja.

Kama mmeshachoka na vituo vilevile, badilisheni njia. Anzia kituo cha pili, piga bidoni la tano, kutoka hapo rudi bidoni la kwanza kwa kukatiza katikati. Ardhi ni ileile lakini mchezo ni mwingine. Huko Marekani mtindo huu wa kuunda njia mpya kwenye uwanja wa zamani wanauita safari, kwa neno letu. Angalieni tu msikatize njia ya moto. Dereva wa moto akipigwa na kifuniko cha ndoo ya rangi hatataka kusikia habari za Bladworth.

Hapa nipunguze utani kidogo.

Katika kanuni rasmi, kisahani kikitoka nje ya mpaka unaadhibiwa mrusho mmoja. Naomba kwetu adhabu hiyo ifutwe kabisa, na nina sababu. Wote tunajua mazuku, hasa sisi wa magharibi ya mji, Kyeshero, Lac Vert, kuelekea Bulengo. Ile gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inajaa kwenye mashimo na mabonde madogo ya lava, hasa usiku na asubuhi kabla upepo na jua havijaitawanya. Haionekani. Mbuzi anaingia hatoki, na watu pia wamekufa hivyo. Sasa fikiria kijana amebakiza mrusho mmoja ashinde, kisahani kimeteleza kwenye shimo, na kanuni inamwambia ukikiacha utaongezewa mrusho. Unadhani atafanya nini? Atashuka. Kanuni mbaya imemsukuma.

Na si mazuku tu. Mji huu umepita kwenye mapigano ya Januari 2025, na kabla ya hapo mengine na mengine, na mabaki ya vita yamelala kwenye majani na vichaka vya mahali ambapo zamani tulikuwa tunapita bila wasiwasi. Chuma usichokijua hukigusi, na kichaka usichokijua hukiingii, hata kama ndani yake kuna kifuniko ulichokipamba kwa mpira wa baiskeli wiki nzima.

Kwa hiyo kanuni yetu iwe hivi: kisahani kilichoingia shimoni au kichakani kimekufa. Hakuna anayekifuata. Mwenye kisahani anachukua kingine, anasimama pembeni ya mahali kilipopotelea, kwenye ardhi mnayoijua, anarusha bila adhabu yoyote. Hata akipata faida kidogo, aipate. Kifuniko kingine kipo, fundi rangi hajamaliza kazi mjini. Na chezeni mchana. Wenzetu wana mtindo wa kucheza usiku kwa visahani vinavyong'aa, picha zake zinapendeza sana. Hapa, jua likikaribia kuzama nyuma ya milima ya Masisi, okoteni mabidoni yenu mrudi nyumbani.

Kuhusu pesa, nitasema kwa ufupi kwa sababu nitachukiwa. Kuna mtindo wa kushindania kila kituo: anayekishinda peke yake anachukua dau, wakilingana dau linahamia kituo kinachofuata na kukua. Ni mtindo wa kusisimua, na ndio unaovunja urafiki wa watu haraka kuliko kukopeshana. Mkiutaka, dau liwe kitu kinacholiwa pale pale na wote. Anayeshindwa anunue sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, na mshindi apate heri ya kuchagua kwanza kwenye sahani. Hiyo inatosha.

Ama tumieni vizibo. Chukueni vizibo vya bia ya Primus, toboeni kwa msumari, andikeni namba, moja hadi kadiri mlivyo, kila mtu afunge chake kwenye mfuko au kwenye mkufu. Mkikutana kucheza, atakayeongoza siku hiyo anachukua namba ndogo kuliko zote zilizopo uwanjani, wa pili inayofuata, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Wiki ijayo namba zinarudi vitani. Vilabu vya Marekani vinafanya hivyo kwa vibao vya plastiki wanavyoagiza kiwandani. Sisi tuna vizibo chini ya kila meza ya baa. Nimeona watu wazima, wenye madaraka yao kazini, wanavaa kizibo namba moja chini ya shati siku ya kwanza asubuhi na hawamwambii mtu.

Sasa yule bwana wa Katindo namsikia tena, anauliza: mkibadilisha kanuni kila juma, huo bado ni mchezo? Nimjibu kwa mfano wa karibu. Dada zetu wana nzango. Ilianza kwenye viwanja vya shule, pande zote mbili za mto Kongo, wasichana wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, wanatoa mguu, na kila shule ina namna yake ya kuhesabu. Hakuna aliyewaambia kwamba wanachezea sheria, maana sheria walikuwa wanazitunga wao wakati wa mapumziko, kengele ikilia wanaziacha. Baadaye watu wazima wakaketi, wakaziandika, yakaundwa mashirikisho, na mwaka 2015 nzango ikaonekana kwenye Michezo ya Afrika pale Brazzaville. Mimi nafurahi ikaandikwa. Lakini walioitengeneza ni wale wasichana waliokuwa wanabishana mguu gani uhesabiwe, wa kulia au wa kushoto.

Basi kwa wale watakaojaribu kesho, siku ya yenga, baada ya misa au ibada, nawaachia kanuni moja ya ziada ambayo sikuisoma popote. Anayeshika mkia kwenye kituo ndiye anayepanga kituo kinachofuata. Yeye ndiye anabeba bidoni, anatembea anakotaka, analiweka anapotaka, anasema tunaanzia wapi na ni lazima tupite upande gani wa ukuta. Anaweza kuliweka nyuma ya kona inayomfaa mwenye mirusho mifupi. Anaweza kuliweka mahali ambapo mkono wa dhahabu hauna kazi yoyote. Shemeji akishalibeba hilo bidoni mara mbili tatu atakuwa ameshajua kila jiwe la kiwanja chenu, na nawaonya mapema kwamba ataanza kuwatesa.

Simu ziko wazi mpaka habari zitakaposomwa. Bwana wa Katindo, wewe ni wa kwanza, karibu.